Kisamaki cha Plastiki: Kinafaa kwa Anayevua Akiwa Ukingoni?

Mahindi yameshavunwa, maharage yameshapata mifuko yake, na huku kwetu vijana wengi kipindi hiki utawakuta mtoni na mshipi. Mimi ni mtu wa mahindi na migomba, uvuvi una afisa wake, lakini kijijini afisa ni afisa, unaulizwa kila kitu.

Nilikuwa Kasulo, Ngara, kwenye mafunzo ya kuhifadhi mahindi. Tulipomaliza, kijana mmoja akanivuta pembeni akatoa kisamaki cha plastiki kwenye begi: mgongo wa bluu, tumbo la fedha, ndoano mbili za meno matatu zinaning'inia chini. Amekinunua Sh 12,000. Akaniuliza, "Afisa, hiki kitu kinafanya kazi au nimepigwa?"

Nilimwambia kinafanya kazi, ila si kwa kila samaki na si kila maji. Hapo ndipo hela za vijana zinapopotelea.

Vyambo hivi wengi wanaviita rapala, hata kama vimetengenezwa China. Rapala lilikuwa jina la mtu. Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa Finland, na mwaka 1936 alichonga kisamaki chake kwa gamba la mti jepesi, akakivalisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, juu akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Alikuwa ameona kwamba samaki mla wenzake, akipita kwenye kundi, anamkamata yule anayeogelea ovyo ovyo, aliyeumia. Kwa hiyo kazi ya kisamaki ni kuyumba kama mgonjwa. Rangi inakuja baadaye.

Kuyumba kunatoka kwenye ule ulimi wa plastiki ulio mdomoni. Ulimi mfupi uliosimama unakipeleka chini kidogo tu. Ulimi mrefu uliolala, unaofuata mstari wa mwili, unakizamisha sana. Sasa wewe unayevua ukiwa ukingoni, maji ya mbele yako ni mafupi, kuna mawe, kuna matete, kuna gugu maji. Chukua chenye ulimi mfupi, tena kinachoelea. Ukihisi kimegusa jiwe, acha kuvuta, kitapanda chenyewe, halafu endelea. Kile cha kuzama utakiacha hapo hapo siku ya kwanza.

Fimbo yenye mashine ya kukunjia mshipi ni nzuri lakini bei yake wengi hatuiwezi. Kopo tupu la maziwa linatosha. Zungushia mshipi kwenye kopo vizuri usipandane, shika kopo mdomo ukielekea majini, zungusha kisamaki kwa mkono mwingine na uachie. Hakikisha nyuma yako hakuna mtu, hasa watoto, maana wanapenda kuja kutazama. Kifunge kwa fundo la kitanzi ili kipate nafasi ya kucheza. Ukikaza fundo puani kinakuja kama kijiti. Halafu usivute mfululizo. Vuta kidogo, simama, vuta tena. Mara nyingi samaki anapiga pale unaposimama. Kikienda upande wa kushoto kila mara, pinda kidogo kile kipete cha puani kuelekea kulia.

Haya, ni samaki gani anayekula hiki kitu? Sangara ndiye wenyewe. Huko Uganda, chini ya maporomoko ya Murchison kwenye mto Nile, watu wanatoka nchi za mbali kuvua sangara wakubwa wakiwa wamesimama ukingoni, na visamaki kama hivi ndivyo wanavyotumia. Kwetu sangara ni wa Ziwa Victoria, alikopandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Ndugu zangu wa Biharamulo, ziwa lilikuwa la wilaya yenu kabla Chato haijawa wilaya yake, na wengi bado mnateremka mialo ya Chato na Muleba. Huko kisamaki kinalipa, alfajiri na jioni jua linapozama, penye mawe na maji yaliyo safi kiasi.

Sato usimtarajie. Chakula chake kikubwa ni mimea midogo ya majini, hana shida na kisamaki chako.

Kwa Ruvubu na Kagera, nitasema ukweli hata kama muuza ndoano atanichukia. Samaki wa kumtegemea huko ni kambale, na kambale anatafuta chakula kwa harufu na kwa zile ndevu zake. Mvua zikinyesha maji yanakuwa kama chai ya maziwa, kisamaki cha Sh 12,000 hakionekani. Minyoo au matumbo ya kuku yatakushindia. Kiangazi, Juni hadi Septemba, maji yakipungua tope, unaweza kujaribu vile vyenye gololi ndani, vinavyolia vikitikisika. Hapo kambale anapiga, lakini ni bahati, usipange bajeti ya ada ya shule juu yake.

Pia gugu maji. Mto Kagera unalibeba sana, na ndoano za meno matatu zinalikusanya kama reki. Toa ile ndoano ya mbele, ya nyuma weka ya jino moja. Utapoteza samaki wachache, utaokoa mishipi mingi.

Anayetaka kuchonga mwenyewe, achukue mbao nyepesi urefu wa kidole cha kati, apige msasa, atie msumari mdogo tumboni kisiogelee kichalichali, ulimi akate kwenye dumu la mafuta, apake rangi ya kucha mara tatu. Kijaribu kwenye karai kwanza. Changu cha kwanza kiliogelea chali, cha pili kilinichoma kidole gumba mpaka nikaenda zahanati kuchoma sindano ya pepopunda. Tangu hapo nabana kile kijino cha nyuma cha ndoano kwa plaizi, na plaizi haitoki mfukoni.

Sasa sikilizeni hili. Yule kijana, siku mbili kabla hatujaonana, kisamaki kilinasa kwenye matete ya Ruvubu, hatua kumi hivi kutoka alipokuwa. Akavua suruali akaingia. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni mwenzake alipoanza kumpigia kelele atoke. Akatoka kwa hasira, anagomba, kisamaki mkononi. Hawajamaliza kugombana, macho mawili yakaibuka pale pale penye matete. Alinihadithia anacheka. Mimi sikucheka. Mamba hajui bei ya plastiki. Kikinasa, vuta mara tatu, kikikataa kata mshipi, nenda nyumbani. Na usisimame sehemu moja kila siku, maana mamba anajifunza ratiba yako. Njia za viboko ziacheni kabisa jioni.

Leseni ya kuvua ulizeni halmashauri, na mwaloni anzeni kwa viongozi wa BMU. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 wanarudi majini. Maji yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato msiende kujaribu bahati; tangu 2019 ile ni hifadhi ya taifa na askari wake hawatasikiliza habari za kopo la maziwa.

Kijana wa Kasulo nilikutana naye tena gulioni. Kisamaki amemuuzia mvuvi mmoja anayekwenda Chato, Sh 8,000. Amenunua ndoano za kawaida kumi na mshipi mpya, na alikuwa anatafuta mtu wa kumuuzia matumbo ya kuku.