Kadi ndogo inayotunza vipimo vya mafuriko

Tarehe 25 Novemba mwaka 2009, siku mahujaji walipoanza ibada ya Hija, mvua kubwa ilinyesha mjini Jeddah, Saudi Arabia. Zaidi ya milimita 70 zilinyesha kwa saa chache, kiasi kinachozidi wastani wa mwaka mzima. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Katika hali kama hiyo umeme na mawasiliano hukatika. Hivyo kifaa kinachopima kina cha maji bondeni hulazimika kutunza vipimo vyake chenyewe. Njia rahisi ni kadi ya microSD, yenye ukubwa wa ukucha.

Kadi za SD zilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za Matsushita, SanDisk na Toshiba. Kipimo cha baiti 32 kikiandikwa kila dakika, kwa mwaka mzima hazitajazwa hata megabaiti 17.

Tatizo si nafasi, bali ni umeme. Kadi huandika kwa mafungu ya baiti 512, na orodha ya mafaili husahihishwa baadaye. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, vipimo vya mwisho hupotea, na pengine faili zima huharibika. Maana yake ni kwamba kipimo cha kilele cha mafuriko, ndicho kinachohitajika zaidi, ndicho kilicho rahisi kupotea.

Ndiyo sababu programu huagizwa kukamilisha uandishi kila baada ya muda mfupi, na kuacha kuandika mara betri inapodhoofu. Hata hivyo, kuandika mara nyingi mno huichakaza kadi, kwani kila sehemu yake hufutika kwa idadi maalumu tu.

Mazingira nayo yana athari. Mjini Riyadh joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 45 kivulini, na ndani ya sanduku lililopigwa na jua huwa kali zaidi. Kadi za kawaida huvumilia hadi nyuzi 85, lakini joto hupunguza muda wa kutunza kumbukumbu. Jeddah, hewa ya chumvi kutoka Bahari ya Shamu hula viunganishi vya shaba, hivyo sanduku hufungwa barabara.

Kabla ya kukitegemea kifaa, inafaa umeme ukatwe kwa makusudi mara kadhaa kikiwa kinaandika, kisha kadi isomwe. Hitilafu ikigundulika mezani hurekebishika. Ikigundulika baada ya mafuriko, vipimo vimekwishapotea.