Miguu yafichua siri inayofichwa na lebo

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Jijini Nairobi njia hiyo haizidi kimo cha mtu: huanzia usoni, ikakomea miguuni. Atakayesimama kwa dakika chache katika Barabara ya Moi, au mbele ya maduka ya vipodozi ya Barabara ya Dubois, hatakosa kuona uso uliong'ara kama ganda la chungwa ukibebwa na miguu ambayo haikukubali kubadilika. Wenye mzaha huiita hali hiyo uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Mzaha huu umevuka mipaka ya nchi nyingi za Afrika, nao huchekesha. Hata hivyo, anayechekwa aghalabu haachi kujipaka. Hurudi dukani akatafute dawa kali zaidi ya kusawazisha rangi ya miguu, na hapo ndipo kicheko kinapopaswa kukoma.

Hamu ya kuwa na miguu ya rangi moja si yetu peke yetu. Mgeni kutoka Ulaya anayekaa Westlands au Lavington hutaka kinyume cha mambo: miguu yake iive kwa jua, iwe ya hudhurungi, wala isibaki na michirizi myeupe ya gidamu za ndara. Nairobi imo karibu na ikweta, tena imeinuka zaidi ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari, hivyo jua lake huchoma hata pale upepo wa baridi unapomlaghai mtu kwamba halichomi. Asiyetaka kuungua hununua losheni yenye dihaidroksiasetoni. Kemikali hii huungana na protini za tabaka la nje kabisa la ngozi, ambalo limekwisha kufa, ikalipa rangi ya kahawia. Kwa kuwa tabaka hilo ni nene visiginoni na kwenye vifundo vya vidole, rangi hujikusanya huko na kufanya madoa. Ndiyo sababu watumiaji hushauriwa kusugua magaga kwanza kwa jiwe, kupaka losheni nyembamba, kisha kupangusa vifundo. Baada ya wiki moja hivi ngozi hujipukutisha na rangi huondoka.

Sisi nasi tunalijua tabaka hilo tangu zamani. Hina anayopakwa bibi harusi wa Mombasa au Lamu hukolea nyayoni kwa sababu iyo hiyo: rangi ya majani yake hushikana na ngozi iliyo nene. Nasema hina halisi, si piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele, ambayo huweza kubabua ngozi. Lakini hina haijidai kuwa ni rangi ya kuzaliwa. Kila anayeitazama anajua kwamba ni pambo, na uzuri wake umo katika ukweli huo.

Mkorogo ni jambo jingine kabisa. Huo haukomei kwenye ngozi iliyokufa, bali huingia hadi kwenye ngozi hai ambako melanini hutengenezwa. Zebaki huzuia utengenezaji huo, na mwili unapoifyonza huweza kuyaharibu mafigo. Steroidi huikondesha ngozi ikawa kama karatasi ya kufungia sigara. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa miaka, huweza kuleta madoa ya rangi ya samawati iliyoingia weusi, maradhi ambayo mtaalamu wa Afrika Kusini aitwaye Findlay aliyaeleza mwaka 1975. Basi mtu aliyekuwa akiukimbia weusi huupokea mwingine ambao hakuzaliwa nao. Vifundo vya miguu na vya vidole, kwa vile ngozi yake ni nene na husuguliwa na viatu kila siku, haviathiriki upesi kama uso. Kila anapoongeza dawa ili vifundo vifuate uso, mtumiaji huongeza sumu mwilini.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa mafigo jijini Nairobi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya nusu karne imepita. Marufuku zimewekwa, na Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa nchini halikubali zebaki wala haidrokwinoni katika vipodozi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao huhudumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Gigiri, umelenga kukomesha vipodozi vyenye zebaki duniani. Hata hivyo bidhaa hizo bado hupenya hadi sokoni. Kwa nini?

Wachumi watajibu kwa faida na tamaa, na watakuwa na haki. Mimi nitajibu kwa kazi yangu, ambayo ni lugha. Lugha ya Kiswahili imekwisha kutoa hukumu yake. Kuchubua ni kutoa ngozi, kama gome la mti linavyochubuliwa. Anayejichubua amejitaja kwa jina la jeraha lake. Mkorogo watokana na kukoroga, yaani kuvuruga vitu visivyopatana. Hata jua la yule mgeni halikupewa neno la kusifu: sisi husema ameungua au amebabuka. Wazungumzaji wa kawaida waliyapa mambo haya majina ya haki bila ya kuomba ushauri wa daktari.

Sasa tazama lugha ya dukani. Humo hakuna kuchubua. Kuna kung'arisha, kutakatisha, kusawazisha na kurekebisha. Kila kitenzi hapo kina dhana iliyofichwa chini yake. Huwezi kutakatisha kisicho kichafu, wala huwezi kurekebisha kisicho na kosa. Msichana wa Kangemi anayesoma tangazo hilo huambiwa kuwa ngozi aliyopewa na mamaye ni uchafu na ni kosa, na huambiwa hivyo bila neno moja la matusi. Ama majina ya kemikali na maonyo, hayo huandikwa kwa herufi ndogo mithili ya chawa, mara nyingi kwa Kiingereza au Kifaransa pekee. Sifa humfikia kwa lugha anayoielewa. Hatari hubaki katika lugha ya wengine.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa afya yake. Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, natija ni moja: kila kipodozi kinachouzwa nchini kiwe na maelezo na maonyo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Zebaki iitwe zebaki. Na bidhaa inayochubua iseme kwamba inachubua.

Atatokea wa kusema kwamba mlanguzi hawezi kuandika ukweli kwa lugha yoyote, na kwamba mkorogo mwingi huuzwa katika vikopo visivyo na lebo. Ni kweli. Lakini sheria ya namna hii ikizoeleka, kikopo kisichosema Kiswahili kitakuwa kimejishtaki chenyewe. Mnunuzi wa Kawangware hatahitaji maabara ili akishuku. Atahitaji macho yake tu.

Kwa sasa, anayesumbuliwa na michirizi ya ndara na ajue kwamba haihitaji dawa. Ngozi hujifanya upya kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Viatu vya kufunika, mafuta ya kawaida na subira vitaisawazisha, hata kama itachukua miezi kadhaa. Na vifundo vikibaki vyeusi kidogo kuliko sehemu nyingine za mguu, hilo si doa wala si kosa. Ndivyo mguu wa binadamu ulivyo. Anayeahidi kuubadilisha kwa krimu na atakiwe kwanza aseme, kwa Kiswahili, ni nini alichokoroga.