Betri ya nyumbani inunuliwe kwa uniti

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo ukasema unatafuta kitu cha kukusitiri umeme ukikatika, kwanza utaonyeshwa inverta, kisha utatajiwa wati zake. Hii ya elfu moja, ile ya elfu tatu, ile kubwa inawasha mpaka pasi. Betri huja mwishoni, mara nyingi pesa ikiwa imeshakwisha. Mpangilio huo ndio unaowatia watu hasara. Inverta haitunzi umeme hata kidogo. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na wati zake zinakuambia vyombo vingapi vinaweza kuwaka kwa pamoja. Vitawaka mpaka saa ngapi, hilo liko kwenye betri.

Nilikuwa dukani mama mmoja alipokuwa akinunua.

"Mama, chukua hii ya wati elfu tatu, hutajuta," kijana wa dukani alimwambia.

"Mwanangu, feni na taa vitafika asubuhi?"

"Inategemea na matumizi yako, mama."

"Si ndiyo hayo niliyokutajia?"

Kijana akarudi kwenye wati. Mama yule aliuliza swali lenyewe hasa, akakosa wa kumjibu, na jibu ni hesabu ya dakika mbili.

Hesabu hiyo kila mwenye LUKU ameshaishika, kwa kuwa uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja. Chukua taa nne za wati 9 kwa saa tano, televisheni ya wati 70 kwa saa nne, feni ya wati 60 kwa saa tisa, na kifaa cha intaneti cha wati 10 usiku kucha. Jumla ni uniti 1.1 hivi. Asiyeamini hesabu ya karatasi asome mita yake saa 12 jioni, azime kila asichokihitaji, kisha asome tena saa 12 asubuhi. Friji ndogo ya kisasa itaongeza kama nusu uniti kwa usiku. Pasi ya wati elfu moja ikiwaka saa nzima yaweza kumaliza uniti yote, ndiyo maana pasi, birika na jiko la umeme visiingie kabisa katika mpango huu. Na nyumba yenye mgonjwa wa mashine ya oksijeni ianze na mashine hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Nyingi hula wati 300 hivi bila kupumzika, yaani uniti tatu kwa saa kumi. Hapo kukosea hesabu ni kuchezea pumzi ya mtu.

Sasa tuitazame betri. Iliyozoeleka ni ile nzito ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200, iwe ya maji au ya jeli. Zidisha 12 kwa 200 upate 2,400, yaani uniti 2.4. Hiyo ni namba ya kwenye kibandiko. Betri ya risasi ikikamuliwa mpaka mwisho kila siku hufa mapema, kwa hiyo anayetaka idumu huishia nusu, uniti 1.2. Inverta nayo hupoteza sehemu moja katika kumi, pengine zaidi. Unabaki na uniti moja. Familia yetu ya uniti 1.1, tena bila friji, inaingia gizani kabla hakujapambazuka, halafu fundi anaitwa aje kuangalia inverta ina ubovu gani. Betri ya gari ndiyo usiiguse. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na kazi ya usiku kucha huiua upesi.

Betri ya risasi ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859. Ile ya lithiamu ya chuma na fosfeti, ambayo ndiyo ningemshauri mtu aitafute, ilitoka katika maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990. Goodenough alipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2019, akiwa na miaka 97, kwa mchango wake katika betri za lithiamu. Ampea-saa 200 za aina hii hukupa takriban uniti mbili za kutumia kweli. Huchajiwa na kutumika mara elfu kadhaa, wakati ya risasi huhesabiwa kwa mamia. Joto letu nalo lina neno. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa Januari kinazipita 25 hata usiku. Bei ya lithiamu inauma siku ya kununua, hilo sikatai. Lakini igawe kwa uniti zote itakazokupa mpaka ichoke, na ya risasi ugawe vivyo hivyo, uone ipi ni ghali.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi: betri inahitaji muda wa kujaa. Betri ya risasi ya ampea-saa 200 hupendelea kuchajiwa kwa ampea 20 hivi. Ikiwa imefika nusu, inataka saa tano kamili, kisha saa nyingine kadhaa za mwisho ambapo chaji huingia polepole sana. Wakati wa mgao umeme ukirudi kwa saa tano tu, haitajaa, na kesho haitajaa, na betri ya risasi inayokaa bila kujaa huganda sulfati kwenye sahani zake mpaka ikakataa chaji kabisa. Watu hulaumu betri feki, na zipo, lakini nyingi zilikufa kwa njaa. Lithiamu haidhuriki kwa kukaa nusu, na nyingi za ukubwa huo hupokea ampea 100, mradi chaja ya inverta iweze kuzitoa. Muulize muuzaji ampea za kuchaji, tena akuonyeshe zimeandikwa wapi.

Hapo ndipo unapoamua kwa hali ya mtaa wako. Mgao wa mwishoni mwa 2023 haufanani na kukatika kwa sasa. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mradi wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha, lakini bwawa halizuii nguzo kuanguka wala transfoma kuungua. Kama kwenu umeme hukatika saa mbili tatu kisha ukarudi, betri ndogo ya lithiamu inatosha. Giza la muda mrefu ni habari nyingine. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya kebo ya baharini kutoka bara. Kwa siku za namna ile betri bila paneli za jua ni sanduku tupu, hivyo nunua inverta yenye nafasi ya paneli hata kama utazifunga mwakani.

Ukishaifikisha nyumbani, ijaribu dhamana ikiwa bado hai. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, ikiwa imejaa, inapaswa kuwasha taa za wati 100 kwa saa kumi au zaidi. Ikizima saa ya sita, irudishe siku hiyohiyo. Baadaye zima meinswichi mara moja kwa mwezi uone kama mfumo unapokea. Usiku wa Agosti 25, 2023, Kenya karibu yote ilipokosa umeme, sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa sababu jenereta iliyokuwepo kwa ajili ya saa hiyo haikuwaka.

Usikubali fundi akuunganishie inverta kwa waya wa plagi unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako utarudi kwenye laini ya nje, upandishwe na transfoma, umkute mtu aliye juu ya nguzo akijua laini imezimwa.

Na betri ya risasi iliyochoka usimpe mwenye mkokoteni wa chuma chakavu, hata akikupandia bei. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikapatikana katika damu ya watoto wao. Phyllis Omido, aliyeongoza kudai haki yao, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, hukumu ikatenguliwa katika rufaa, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kabla ya kulipia betri mpya, uliza kama duka linapokea ile ya zamani na linaipeleka kiwanda gani.