Milimita na Siku: Jinsi ya Kusoma Vipimo vya Mimba Changa

Mama mwenye mimba changa atokapo katika chumba cha ultrasaundi hukabidhiwa karatasi yenye tarakimu chache: urefu wa kiinitete, kipenyo cha mfuko wa mimba, na umri wa mimba kwa majuma na siku. Tarakimu hizo zaweza kumfurahisha, au kumnyima usingizi. Je, hupatikanaje, nazo zastahili kuaminiwa kwa kiasi gani?

Asili yake ni mwangwi. Sikio la binadamu halisikii sauti inayozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde; chombo hiki hutoa sauti yenye mitetemo milioni kadhaa. Sauti hiyo hupita katika nyama za mwili kwa mwendo wa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, sauti imesafiri sentimita 15.4, kwenda na kurudi. Basi kilichoirudisha kiko umbali wa sentimita 7.7.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walichapisha picha za mwanzo za namna hii. Mwaka 1973 Hugh Robinson, wa mji huo huo, alieleza jinsi ya kupima kiinitete kutoka utosini hadi matakoni. Kati ya juma la sita na la tisa kiinitete hurefuka takriban milimita moja kila siku. Kwa hiyo, ukijumlisha 42 na urefu wake kwa milimita, wapata umri wa mimba kwa siku. Kiinitete cha milimita 16 kina siku 58, yaani majuma manane na siku mbili. Umri huo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nao waweza kupotoka kwa siku tano hivi, mbele au nyuma.

Mfuko wa mimba hupimwa pande tatu, kisha hutafutwa wastani. Pande za milimita 14, 12 na 10 hutoa wastani wa milimita 12.

Sasa tuseme mama anaamini kuwa mimba yake ina majuma manane, lakini kilichoonekana ni mfuko wa milimita 12 usio na kiinitete. Je, mimba imeharibika? Haijulikani bado. Huenda yai lilipevuka kwa kuchelewa, na mimba ni changa kuliko alivyodhani. Mwaka 2013 wataalamu walikubaliana kwamba kipimo kimoja, kilichochukuliwa kupitia ukeni, hakitoshi kutoa hukumu hiyo, isipokuwa kiinitete kimefikia milimita 7 bila mapigo ya moyo, au mfuko umefikia milimita 25 bila kiinitete. Zamani wengi walitumia milimita 5 kwa kiinitete. Lakini wapimaji wawili waweza kutofautiana, na kosa dogo lingeweza kugharimu mimba iliyo hai. Chini ya mipaka hiyo, mama hurudi kupimwa tena, mara nyingi baada ya majuma mawili. Akipata maumivu makali au kutokwa damu nyingi, asingoje: aende hospitali mara moja.

Mwanafunzi afundishwapo kuandika kosa la kipimo kando ya jibu lake, asidhani kuwa ni adabu ya maabara tu. Mahali pengine kosa hilo ndilo tofauti kati ya kungoja na kupoteza.