Somo la Redio: Fremu Moja, Mabamba Mengi

Bila shaka mmepata kuona gunia la kahawa lililoandikwa maneno kwa rangi. Mwandikaji hakuchora herufi moja moja. Aliweka juu ya gunia bamba lililotobolewa herufi, akapaka rangi, akaliondoa bamba, na maneno yakabaki. Shikeni jambo hilo, maana somo letu la leo ni lilo hilo, ila ni kwa vitu vidogo sana.

Ukifungua redio yo yote ya siku hizi, au simu, utaona ndani ubao mwembamba, mara nyingi wa kijani, wenye vidude vingi, vingine vidogo kuliko punje ya mtama. Huo ni ubao wa saketi. Vidude hivyo vimeshikwa na lehemu. Fundi wa mtaani hulehemu nukta moja baada ya nyingine kwa mkono, lakini ubao mmoja waweza kuwa na nukta elfu na zaidi. Kwa mkono kazi hiyo haiishi.

Basi kiwandani hutumia lehemu laini, nzito kama dawa ya meno. Ndani yake mna vijiduara vya madini ya bati, pamoja na fedha na shaba kidogo, vilivyokorogwa na dawa ya kusafishia shaba. Zamani risasi ilitiwa pia, lakini tangu mwaka 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya imeikataza katika vyombo vingi vya umeme, kwa kuwa risasi ni sumu.

Lehemu hiyo hupakwa kwa bamba la chuma kisichoshika kutu. Unene wake kwa kawaida ni kama milimita 0.1 hadi 0.15. Ukiligusa jani moja la daftari lako umeupata unene huo. Matundu yake hukatwa kwa mwali wa leza. Bamba hulazwa juu ya ubao, ubapa wa chuma husukuma lehemu juu yake, matundu yakajaa, kisha bamba na ubao huachanishwa. Baadaye vidude hupangwa, na ubao hupita katika tanuri. Lehemu huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za sentigredi.

Hapa ndipo penye shida. Bamba jembamba namna hiyo likilegea, halikai sawasawa juu ya ubao. Lehemu hupenya chini yake na kuunganisha nukta mbili zisizotakiwa kukutana, au hutoka pungufu. Chombo chaweza kufanya kazi kiwandani, kisha kikazimika mikononi mwa mnunuzi. Fikiri kama chombo hicho ni cha hospitali! Kwa hiyo bamba hapana budi livutwe pande zote, kama ngozi ya ngoma.

Njia ya zamani, nayo bado yatumika, ni kuligandisha bamba kwa gundi juu ya wavu uliowambwa katika fremu ya alumini. Ni njia nzuri, lakini kila bamba lataka fremu yake. Kiwanda chenye aina mia za ubao kina fremu mia, na ghala zima hujaa.

Njia ya pili ni fremu inayotumika tena na tena. Katika aina moja, ndani ya mihimili yake mna springi zinazovuta kuelekea nje. Mfanyakazi hutia upepo wa pampu. Upepo huzirudisha springi nyuma. Hapo bamba, lenye vitundu maalum kingoni, hutiwa mahali pake. Upepo ukitolewa, springi huvuta, na bamba hukaza. Kazi ikiisha, bamba hutolewa na kuwekwa rafuni, jembamba kama gazeti.

Kwa maoni yangu karakana ndogo hufaidika zaidi, maana hununua fremu moja na kulipia mabamba tu. Lakini iulize kwanza: vitundu vya kingoni vilivyokatwa kwa fremu ya mtengenezaji mmoja huenda visiingie katika fremu ya mwingine. Na kingo za bamba lisilo na fremu hukata vidole kama wembe, kwa hiyo huvaliwa glavu.

Sasa mwalimu azime redio. Kila mmoja atoboe karatasi kwa sindano, ailaze juu ya nyingine, apake uji mzito wa unga. Kwanza iwe imelegea, kisha ivutwe na watu wawili.