Jina Linaloanza na Nyira

Sogeeni karibu na mbabula, mahindi yataiva huku tukizungumza. Leo mmoja wenu amerudi kutoka masomo amenuna, eti wenzake wamemwambia jina lake ni la kizee. Anaitwa Nyirahabimana. Nataka ajue alichobeba, na ninyi wengine msikie.

Mnaujua ule mlima unaowaka, ukishuka kutoka Rutshuru kwenda Goma, ukishapita hapa Rumangabo. Usiku mawingu ya juu yake huwa mekundu kama makaa haya. Una urefu wa mita 3,470, na mwaka 2002 moto wake uliteremka mpaka katikati ya mji wa Goma. Mlima huo wenye nguvu hivyo una jina la kike: Nyiragongo.

Nyira, kwa Kinyarwanda na kwa Kinyabwisha chetu, ni kipande cha neno kinachotangulia jina la mwanamke. Peke yake hakitoshi, ni kama mpini unaosubiri jembe. Pengine maana yake ni "mama wa", pengine "mwanamke wa". Habimana ni "Mungu yupo". Tia Nyira mbele, umepata Nyirahabimana. Nsengimana ni "namwomba Mungu", na dada yake ni Nyiransengimana.

Hata mama wa mfalme wa Rwanda alivaa Nyira kama taji. Baada ya vita vya Rucunshu vya mwaka 1896, kijana Musinga alitawazwa kwa jina la Yuhi. Mama yake, Kanjogera, akawa Nyirayuhi, na wakuu wengi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwanawe.

Lakini nipendacho zaidi ni jinsi jina lilivyotafutwa. Siku ya nane tangu mtoto azaliwe, walioitwa kwanza ni watoto wa jirani, wadogo kama ninyi. Walipewa vijiti, wakaigiza kulima, vumbi likawajaa miguuni. Wakanawa, wakakaa chini, wakala maharagi pamoja. Kisha kila mmoja akasema jina analotaka mtoto mchanga apewe. Mwingine alitaja la maana, mwingine la kuchekesha, na hakuna aliyekemewa. Baadaye ndipo baba alipotoa jina lake. Mnaona? Watu wazima walingoja kusikia watoto.

Na wageni pia walipewa Nyira. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja, Dian Fossey, alipiga hema Kabara, chini ya kilele cha Mikeno, ili awajue masokwe. Mwezi wa saba askari walimteremsha mpaka hapa Rumangabo. Akatoroka, na tarehe 24 Septemba mwaka uleule akaanza kambi yake Karisoke, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Wenyeji wakamwita Nyiramacibiri, na yeye akaeleza kwamba maana yake ni mwanamke aishiye peke yake mlimani. Aliuawa Desemba 1985, akazikwa kando ya masokwe wake, na jina hilo likaandikwa kaburini. Walioliandika walilipinda kidogo, Nyiramachabelli, lakini Nyira yake ilibaki nzima.

Kisha kuna karatasi za serikali. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo, na aliyezoea kuitwa Marie akabaki na la mababu tu. Mwaka 1990 yale ya ubatizo yakaruhusiwa tena. Siku hizi mkiita majina uwanjani nasikia Furaha, Neema, Zawadi, Espérance. Ni mazuri, sikatai. Ila Nyira naisikia zaidi sokoni, kwa akina mama na bibi zenu.

Pale mjini Kiwanja, Nyirahabimana anaweza kukaa benchi moja na Masika. Ukisikia Masika, umeshajua ni binti wa kwanza wa nyumba ya Wanande. Jina lake linasema amezaliwa wa ngapi. Jina la huyu wetu linasema wazazi walimshukuru nani. Mtoto anapoliona aibu jina kama hilo, mimi naumia kweli, maana kuna mtu alikaa akalifikiria kabla yeye hajajua hata kucheka.

Futa machozi, mwanangu. Juma lijalo mtoto wa jirani yetu anatimiza siku nane, na mama yake ameniomba niwapeleke ninyi wote. Vijiti nimeshakata. Kila mtu aje na jina lake mdomoni, na Nyirahabimana ndiye atakayesema wa kwanza.