Mkate wa Piasta 20

Waarabu wengi mkate huuita khubz. Wamisri huuita aish, yaani uhai, neno lenye mzizi ule ule uliotupa sisi kuishi na maisha. Hata ruzuku, neno tunalotumia kwa fedha ambazo serikali hutoa ili bei ya bidhaa isipande, limetokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia riziki. Naanza na maneno haya kwa sababu mahusiano ya Misri na mataifa mengine hueleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye foleni ya mkate wa baladi, ule mkate bapa wa duara unaouzwa kwa kadi ya serikali, kabla hujafika wizara ya mambo ya nje.

Kwa zaidi ya miaka 30 mkate huo uliuzwa piasta 5, na pauni moja ya Misri ina piasta 100. Mwenye kadi hupata mikate mitano kwa siku kwa kila mtu wa nyumbani kwake, na wanaonufaika ni watu wapatao milioni 70. Mwaka 2020 serikali ilipunguza uzito wa mkate kutoka gramu 110 hadi 90, lakini bei haikuiongeza. Ilisubiri hadi tarehe 1 Juni 2024 ndipo bei ikapanda kufikia piasta 20. Waziri Mkuu Mostafa Madbouly alieleza wakati huo kwamba kuutengeneza mkate mmoja kunaigharimu serikali piasta 125. Kwa hiyo hata baada ya bei kupanda mara nne, mnunuzi hulipa chini ya moja ya tano ya gharama.

Woga huo wa serikali kugusa bei ya mkate una historia. Januari 1977, Rais Anwar Sadat, akishauriwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, alitangaza kupunguza ruzuku ya vyakula vya msingi. Tarehe 18 na 19 watu walijaa mitaani kuanzia Iskandaria hadi Aswan. Jeshi liliitwa, makumi ya watu wakauawa, na Sadat akairudisha ruzuku. Miezi kumi baadaye alisafiri kwenda Jerusalem. Mkataba wa amani na Israel ulitiwa saini Machi 1979, nchi za Kiarabu zikaisimamishia Misri uanachama wa jumuiya yao na kuhamishia makao yake Tunis, na misaada ya Marekani kwa Cairo ikaongezeka sana. Sisemi kwamba mkate peke yake ndio uliompeleka Jerusalem. Kulikuwa na rasi ya Sinai iliyokuwa mikononi mwa Israel, na kulikuwa na uchovu wa vita vinne. Ila kiongozi ambaye hazina yake haikuweza kubeba bei ya unga alikuwa na sababu moja zaidi ya kutafuta amani na rafiki mwenye fedha.

Sasa tuutazame mzizi wa tatizo. Misri ina watu zaidi ya milioni 100, na karibu wote wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa Mto Nile na delta yake. Kwingine ni jangwa. Ngano inayolimwa kwenye ukanda huo haitoshi, hivyo nchi hii imo miongoni mwa waagizaji wakubwa kabisa wa ngano duniani, na kabla ya 2022 takriban asilimia 80 ya ngano iliyoagizwa ilitoka Urusi na Ukraine. Mwenye ngano Odesa hapokei pauni ya Misri. Anataka dola, na dola za Misri hutoka hasa kwa watalii, kwa Mfereji wa Suez, kwa mauzo ya nje, na kwa Wamisri walioko Ghuba wanaotuma fedha nyumbani. Mapato haya karibu yote husinyaa jirani akiwaka moto.

Februari 2022 moto uliwaka, Urusi ilipoivamia Ukraine. Bei ya ngano ilipaa, na watalii wa Urusi na Ukraine waliozoea fukwe za Bahari ya Shamu wakapungua ghafla. Wawekezaji wa kigeni waliokuwa wameikopesha serikali kwa muda mfupi, wakifuata riba kubwa, waliondoa takriban dola bilioni 20 ndani ya miezi michache. Benki Kuu ilishusha thamani ya pauni mara kadhaa, lakini kila mara iliishikilia tena, na hapo ndipo ugonjwa ulipozidi. Dola ikawa na bei mbili. Mwanzoni mwa 2024 bei rasmi ilikuwa pauni 31 hivi, na soko la magendo likafika karibu 70. Fundi wa Kimisri aliyeko Riyadh hakuwa na sababu ya kupitisha mshahara wake benki ili apate nusu ya thamani yake. Basi dola zilizokuwa zikiingia kwa njia halali zikahamia njia za pembeni, na benki ikazidi kukauka kwa dawa ile ile iliyotumia kujikinga. Mizigo ilikwama bandarini kwa kukosa malipo. Hata mnada wa chai wa Mombasa uliuhisi upungufu huo, kwa sababu Misri ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya.

Kisha ukaja mfereji. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walizishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikazungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mapato ya Suez, yaliyozidi dola bilioni 10 mwaka 2023, yalishuka hadi bilioni 4 hivi mwaka 2024. Misri haikuwa imerusha hata risasi moja.

Wengi tulidhani nchi itashindwa kulipa madeni yake. Haikushindwa. Tarehe 23 Februari 2024 Umoja wa Falme za Kiarabu ulikubali kuweka dola bilioni 35 katika mradi wa Ras el-Hekma, pwani ya Mediterania: bilioni 24 fedha mpya, na bilioni 11 zilizokuwa tayari zimewekwa kama amana katika Benki Kuu ya Misri. Tarehe 6 Machi pauni iliachiwa, dola moja ikafika karibu pauni 50, na siku hiyo hiyo Shirika la Fedha likaongeza mkopo wake kutoka dola bilioni 3 hadi 8. Siku chache baadaye Umoja wa Ulaya uliahidi euro bilioni 7.4. Kila mmoja alikuwa na lake. Abu Dhabi ilipata ardhi ya thamani. Ulaya inaogopa mashua za wahamiaji. Wote, Washington ikiwemo, walikuwa wakiitazama vita ya Gaza mpakani mwa Sinai, wakajua kwamba Misri ikianguka hakuna jirani atakayelala.

Kuiachia pauni kulikuwa sahihi, na kulichelewa. Nisichokubali ni hesabu inayoufanya mkate kuwa mkosaji. Katika bajeti ya 2024/25 riba ya madeni ilitengewa zaidi ya mara kumi ya ruzuku yote ya chakula. Madeni hayo hayakutokana na mikate ya gramu 90. Sehemu kubwa ilitokana na miaka ya kujenga kwa mikopo, ukiwemo mji mkuu mpya jangwani, katika uchumi ambao kampuni za serikali na za jeshi hushindana na mfanyabiashara wa kawaida zikiwa na nafuu asizozipata. Shirika la Fedha lenyewe lililiandika hilo katika makubaliano ya Desemba 2022, likataka nafasi ya serikali na jeshi katika biashara ipunguzwe.

Bei ya mkate imeshapandishwa. Sharti la jeshi limekwenda kinyume: mwishoni mwa 2024 kazi ya kununua ngano ya taifa, iliyofanywa kwa miongo kadhaa na mamlaka ya kiraia, ilikabidhiwa Mostakbal Misr, chombo chenye mafungamano na jeshi la anga.